Betri ya Tumbo Langu

Jumatatu, 3 Machi

Kiungulia tena. Moto kifuani tangu asubuhi, kama nimemeza jiko. Mwanamume mwingine angelala. Mimi nilivuka barabara na betri mbili za lori, moja kila mkono! (Moja. Na mwenye lori alishika upande wa pili.)

Mchana nikaenda duka la dawa, mkabala na karakana yangu. Mfamasia ni kijana wa koti jeupe na maswali. Akauliza ninakula vipi. Nikamwambia kwa kusimama, haraka, kati ya betri na betri. Akauliza ninakula na nani. Swali gani hilo la dawa? Nikamjibu kwangu wageni hawakatiki, meza haitoshi.

Akanipa vidonge kumi na vinne. Kimoja kila asubuhi kabla ya kula. Akaeleza kwamba ukuta wa tumbo una pampu ndogondogo zinazosukuma protoni ndani, ndiyo asidi inayoniunguza. Kidonge huzifunga hizo pampu.

Protoni! Kunieleza mimi! Mimi niliyemlea mtaalamu wa protoni! Mpwa wangu, binti wa dada yangu, kakulia humu karakanani, kazi za shule akifanyia kwenye kigoda kile cha mlangoni. Leo yuko maabara, mji wa pili, saa mbili kwa basi. Zamani alikuja kila Jumapili. Kazi zimembana. Jana ilikuwa Jumapili ya sita. Si kwamba nahesabu.

Jumanne, 4 Machi

Daftari lake la kemia bado liko kwenye droo, chini ya koleo. Nimelisoma lote. (Kurasa nne.)

Kumbe idadi ya protoni ndiyo inayoamua kitu ni kitu gani. Moja, haidrojeni. Sita, kaboni. Themanini na mbili, risasi. Risasi, ile ile iliyomo kwenye betri zangu! Miaka ishirini na saba nashika protoni themanini na mbili themanini na mbili, na hakuna aliyewahi kuniambia hongera.

Ukurasa wa nne: asidi ni kitu kinachogawa protoni. Hapo akili ikawaka. Betri ikichoka ni kwa sababu asidi imepungua nguvu. Kila fundi anajua. Sasa huyu kijana anataka kunipunguzia protoni! Anataka nififie kama taa ya gari bovu! Vidonge nikavitia droo, chini ya koleo.

Nikamweleza kinyozi wa mlango wa pili. Akacheka mpaka mkasi ukamponyoka. Eti, Mzee Asidi, tumbo si betri bwana! Nikamwambia kunyoa vichwa si kujua kilichomo ndani yake. Akaketi kwenye kigoda ili acheke vizuri. Nikamwinua. Kigoda hicho kina mwenyewe. Akauliza huyo mwenyewe yuko wapi, mbona hatumwoni.

Nikasema anakuja Jumapili.

Neno lilitoka lenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Basi lazima aje. La sivyo kinyozi atanikalia kichwani hadi nizikwe.

Kumpigia simu nimwombe? Mimi? Mjomba haombi. Mjomba huitwa.

Mpango: nitachaji tumbo langu mwenyewe, niandike matokeo, nimtumie. Mtu wa maabara hawezi kusikia ugunduzi akakaa kimya. Atakuja mbio.

Nikakamua ndimu nne. Nikachukua kipima asidi changu, kile cha kioo chenye kidude kinachoelea. (Nilikiosha mara tatu. Sawa, mara moja.) Nikafyonza maji ya ndimu, nikatazama. Kidude kikazama mpaka chini! Betri ikionyesha hivyo huwa namwambia mwenyewe pole, imekufa. Kumbe ndimu hazina nguvu kabisa! Zinatakiwa nyingi. Nikaongeza nne, nikanywa zote nane.

Nikamtumia ujumbe: Mjomba wako amegundua jambo kubwa kuhusu protoni. Njoo uone.

Simu inasema umefika. Umesomwa? Hapo simu haisemi.

Alhamisi, 6 Machi

Ndimu kumi na mbili. Tumbo linanguruma kama injini ya dizeli. Dalili njema, inachaji.

Amejibu! "Hongera Mjomba! Niko kazini." Maneno manne. Nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyohitajika maneno manne.

Nimeosha sahani zote mbili. Ya pili ilikuwa na vumbi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimelala, kalamu inakauka kila mara.

Jana niliinama kuinua betri ya gari dogo, ndogo hasa, ya aibu. Moto ukapanda hadi kooni. Nikajikuta sakafuni. Kinyozi akaja mbio, nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa. Halafu mfamasia. Nikamtuliza kwamba nimejichaji kupita kiasi tu. Akauliza vidonge viko wapi. Nikaelekeza macho kwenye droo. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Wakanipeleka zahanati. Sindano, maji ya chumvi mshipani, kugombezwa na muuguzi ambaye ningeweza kumzaa. Mfamasia akachukua simu yangu atafute wa kumwita. Akapekua, akapekua. Mwenye lori. Mwenye teksi. Mwenye lori wa pili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mzee, ndugu ni huyu mmoja tu?

Nikamwambia wengine nawajua kwa kichwa.

Jumapili, 9 Machi

AMEKUJA!

Basi la kwanza. Akaketi kwenye kigoda, magoti karibu yaguse kidevu. Kigoda kimekuwa kidogo. Nikahakikisha mlango uko wazi na kinyozi anaona.

Akapika viazi laini, akapakua sahani mbili. Akaniamuru nikae, nitafune. Tukala saa nzima. Sijui kama niliwahi kula saa nzima.

Kisha akanisomea mashtaka. Kipima asidi hupima uzito wa maji, hakijui ukali wa ndimu. Tumbo lina asidi yake ya kutosha, halihitaji msaada wa fundi. Nikasema hayo nilikuwa nayajua, nilikuwa nathibitisha. Akacheka. Akasema lakini kwa jambo moja sikukosea: kila kipande kidogo cha mwili kilicho hai husukuma protoni upande mmoja wa ukuta mwembamba, nazo zikirudi kwa kijimlango huzungusha kigurudumu, na humo ndimo nguvu zetu zinamotoka. Nikapiga paja! Si nilisema? Akasema ulisema Mjomba, ila kila kitu na mahali pake.

Nikamuuliza protoni ni mtu wa namna gani hasa. Akafikiri. Akasema ile ya kwenye asidi ni haidrojeni iliyopoteza elektroni yake, na ilikuwa nayo moja tu. Imebaki tupu. Haiwezi kukaa peke yake hata kufumba na kufumbua. Maji ya kwanza inayoyakuta, inayarukia na kuyang'ang'ania.

Nikasema protoni hiyo haina adabu.

Jioni nikamsindikiza hadi kituoni. Akanishika mkono, akasema, Mjomba, ukinihitaji piga simu. Sema njoo tu, nitakuja. Usisubiri uugue. Kidirishani akapunga mpaka kona.

Vidonge amevipanga rafuni, kila kimoja na siku yake kwa mwandiko ule ule wa daftari.

Jumatatu, 10 Machi

Kiungulia kimepungua. Nimekaa nimefikiri kisayansi.

Wiki sita nilikuwa mzima: hakuja. Ndimu ishirini: basi la kwanza. Matokeo yako wazi kama kioo. Kuhusu kupiga simu na kusema njoo, hakuna ushahidi wowote. Haijawahi kujaribiwa.

Mfamasia akapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, mzee, cha leo umemeza? Nikamjibu nimemeza. (Nimekirudisha droo. Chini ya koleo.)

Kinyozi akauliza mwenye kigoda anarudi lini. Nikamwambia Jumapili, kwani lini tena?

Mchana nikafunga karakana, nikaenda sokoni. Mama wa ndimu akaniuliza kama nina wageni.

Mmoja, nikasema. Nihesabie ishirini, mama, na uchague zenye maji.