Kuku Chini ya Benchi

Jumatatu, 8 Julai

Jana tena! Nimefungua kinywa kwenye wimbo wa pili, ikatoka sauti ya msumeno uliokwama kwenye mbao mbichi. Akina mama wa sauti ya kwanza wamegeuka kuniangalia. Mwalimu wa kwaya akakohoa kistaarabu, kana kwamba mwenye koo bovu ni yeye.

Mwaka mzima namwomba Mungu anirudishie sauti. Tangu ile homa. Daktari alisema koo limepona ila sauti itabaki hivyo hivyo. Nikamwambia nitakata rufaa kwa aliye juu yake. Nimekata. Asubuhi, mchana, jioni. Kimya.

Na sasa imetangazwa kwamba Jumapili ya tarehe 21 ni ibada ya mwisho katika kanisa letu la zamani. Paa limechoka, tunahamia ukumbi mpya ng'ambo ya barabara. Utaimbwa wimbo wa mama. Si wa mama kweli, ni wa kitabuni, lakini kwangu ni wa mama. Tangu nikiwa mtoto wa kaptula, ubeti wa tatu naimba mimi peke yangu. Safari hii amepewa kinyozi! Mtu anayeimba hata akinyoa, na akifika noti ya juu anafumba macho, mashine ikiwa kichwani kwa mteja.

Leo sijashika randa. Nimekaa karakana namkumbuka mama. Harufu ya nta ya sakafu ya kanisa. Peremende aliyoifunga kwenye pembe ya leso, nipewe nikitulia mpaka mahubiri yaishe. Mkono wake kwenye kisogo changu tukisimama kuimba. Mama alikuwa akiomba anapewa! Aliomba mguu wangu uliovunjika upone, ukapona. Aliomba baba apate kazi, akapata. Na alikuwa anaombea wapi? Benchi la tatu kutoka mbele, karibu na dirisha.

Nimeruka mpaka kopo la gundi likaanguka. Benchi! Kumbe siombi vibaya. Naombea mahali pabaya!

Tatizo ni moja. Benchi hilo lina mwenyewe siku hizi, naye ni Mkunga.

Jumanne, 9 Julai

Mkunga amestaafu ukunga, hajastaafu ukali. Yeye na mama walikuwa chanda na pete. Nimemkuta sokoni anachagua nyanya, nikamwamkia kwa adabu zote, nikabeba kikapu bila kuombwa. Nikapitia mbali. Nikasema dirisha lile la kanisani linaingiza upepo, na upepo ni adui wa magoti. Nikasema upande wa pili kuna kona tulivu, nyuma ya nguzo, kama imetengenezwa kwa ajili yake.

Akaniuliza nguzo gani, ile inayomziba mhubiri? Nikasema kusikia kunatosha.

Akasema amezalisha nusu ya washarika wa kanisa lile, wengine katikati ya mvua ya mawe, na hakuna dirisha litakalomtisha. Akaongeza kwamba mimi mwenyewe nilipotoka sikulia mpaka aliponipiga kofi, na mkono ule bado anao.

Nimembebea kikapu hadi mlangoni kwake. Kizito! Sijui nyanya gani zile.

Alhamisi, 11 Julai

Leo nimekwenda kanisani na kisanduku cha vifaa. Nimemwambia Mchungaji nakagua mabenchi kabla ya kuhamishwa. Akanishukuru, akaibariki mikono yangu. Nikajisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Lazima kwanza nihakikishe ndilo lenyewe. Zamani, mahubiri yakinoga kwa wakubwa, mimi nilikuwa nateleza chini ya benchi la mama na msumari na kuchora kuku. Kuku tu. Sikujua kuchora kitu kingine. Nimelala chali sakafuni, nimeingiza kichwa chini ya benchi la tatu, na yule pale! Kuku wangu! Miguu mirefu, jicho kubwa kuliko kichwa. Machozi yamenitoka, yakaingia masikioni.

Papo hapo mlango ukalia. Hatua nzito. Na mtu akakaa juu yangu. Namaanisha juu ya benchi.

Ni Mkunga. Na Mkunga akianza kuomba haombi robo. Alimtaja Mchungaji, akataja wajukuu mmoja mmoja, akataja mbuzi wa jirani. Vumbi likaniingia puani, nikabana pua kwa vidole viwili. Mara nikasikia ananitaja mimi. Anamwambia Mungu kuna mtoto wa rafiki yake, fundi seremala, ana kiburi lakini si mbaya. Anaomba koo lake lifunguke. Na kama halifunguki, basi afunguke yeye.

Afunguke vipi? Mimi ni mlango?

Nikapiga chafya. Mkunga hakushtuka hata kidogo. Akasema amina, akasimama, akaniambia nikitoka huko nifunge na dirisha, maana nimesema lina upepo.

Jumamosi, 13 Julai

Benchi liko karakana! Nimesema mguu wake umelegea. Umelegea kweli. Niliulegeza jana mimi mwenyewe, kwa hiyo si uongo.

Nimelikalia tangu asubuhi. Nimeomba nikiwa mwanzo wa benchi, katikati, na mwisho, kwa kuwa sikumbuki mama alikuwa anakaa sehemu ipi hasa. Kisha nikavuta pumzi, nikajaribu ubeti wa tatu.

Kinyozi alikuwa anapita. Akachungulia, akauliza kama siku hizi nakata na mabati.

Mke wangu ameleta chai, akanikuta nimelala kifudifudi nimelikumbatia benchi. Akauliza kulikoni. Nikamweleza mpango wote. Akasema kama Mungu anasikia kupitia mbao, basi mimi seremala ningekuwa nabii zamani. Mke wangu ni mwanamke mwema lakini mambo ya kiroho yanampita pembeni.

Jumapili, 14 Julai

Aibu! Aibu tupu!

Nimewahi kanisani nikaliweka benchi upande wa kwaya, mahali pangu. Pale dirishani nikaweka jingine linalofanana nalo. Nani angejua?

Mkunga alijua. Aliingia, akatazama dirishani, akatazama kwaya, akaja moja kwa moja akakaa mwisho wa benchi langu. Akanishukuru kwa kumsogezea karibu na mhubiri. Mwisho mwingine akakaa kinyozi. Mimi katikati nimebanwa kama kabari.

Tukafika kwenye maombi ya kimya. Kanisa zima limetulia. Nikainamisha kichwa, nikaanza kwa bidii. Hapo ndipo nilipokumbuka. Jana nimeomba siku nzima na mguu sijaukaza.

Ulitoka kwa adabu, taratibu, upande wa kinyozi. Yeye akatangulia chini, mimi nikamfuata juu yake. Mkunga alibaki amekaa huko juu benchi likiwa limeinama, kitabu cha nyimbo mkononi, macho yamefumbwa, anaendelea. Watoto wakacheka, kisha wazazi wa watoto, kisha Mchungaji akageukia ukutani mabega yakimtetemeka.

Kinyozi ameinuka akanifuta vumbi. Akaniuliza kama nimeumia. Simpendi.

Jumanne, 16 Julai

Mkunga amekuja karakana. Hakuitwa. Akakaa kwenye benchi lile lile, mguu nimeshaukaza, akaupiga teke kwanza kuhakikisha. Kisha akanitaka nimwambie ninachotafuta.

Nikamwambia. Nikasema mama akikaa hapa alikuwa anapewa kila anachoomba.

Mkunga hakucheka. Nilitegemea acheke. Akaniuliza kama namkumbuka dada yangu.

Namkumbuka kidogo. Gauni la bluu. Kunibeba mgongoni kuzunguka nyumba. Kisha kitanda kilichotandikwa vizuri ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

Mkunga akasema mama alimwombea dada mpaka magoti yakavimba. Hakupewa. Dada alipozikwa, Jumapili iliyofuata mama alikuja kanisani, na watu hawakujua wamwangalie wapi. Akakaa palipokuwa na nafasi. Hakuwa na benchi lake, kamwe, kila wiki alikaa popote. Ukaimbwa ule wimbo. Akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili. Kwenye wa tatu sauti ikamkatikia. Kanisa zima likanyamaza naye. Ndipo mtoto wa kaptula aliyekuwa pembeni yake, mdomo umejaa peremende, akaupokea wimbo pale pale mama alipouachia, akaumaliza peke yake.

Mtoto huyo ni mimi.

Miaka yote hii nimejua mama alinyamaza ili anipishe. Kwamba aliona nina kipaji, akataka kanisa lisikie. Ule mkono kwenye kisogo nilidhani unaniambia imba, wakuone. Kumbe mama alikuwa ananishikilia ili asianguke.

Nikachukua randa nikaranda ubao uliokuwa umeshamalizika kurandwa. Akaniacha nirande. Alipoondoka akasema mama aliendelea kuomba mpaka mwisho wake, na kuna mengi hakupewa, na hakuna siku aliyomwona akitafuta benchi lingine.

Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nimelilia dada, ambaye sikuwahi kumlilia.

Ijumaa, 19 Julai

Nimefikiri sana juu ya maneno ya Mkunga. Ni mazuri. Lakini kuhusu benchi amekosea. Kuku yule ni ushahidi. Nilimwona kwa macho yangu.

Kinyozi amekuja jioni, kofia mkononi. Anaogopa. Anasema ile noti ndefu ya ubeti wa tatu inamshinda pumzi, na hakuna anayeijua kama mimi. Ananiomba nimfundishe.

Hapo ningeweza kuwa mtu mzuri. Nafasi ilikuwa wazi kabisa mbele yangu. Nikamwambia siri ni kusimama kwa mguu mmoja. Akashukuru karibu kunibusu. Ameondoka akiruka ruka barabarani kama korongo.

Mke wangu amesikia yote kutoka dirishani. Amenipa chakula bila neno. Chakula bila neno hakishuki.

Jumapili, 21 Julai

Ibada ya mwisho. Nta ile ile sakafuni. Mtu ameisugua kwa mara ya mwisho, sakafu itakayobomolewa kesho kutwa, na imeng'aa kama zamani. Nimesimama mlangoni nikashindwa kuingia haraka. Nikaona pale tuliposimama na baba na viatu vyake vilivyolia kila akipiga hatua. Nikaona nilipomwona mke wangu mara ya kwanza, amevaa skafu ya manjano, ananicheka.

Sikukaa na kwaya. Mkunga alinishika mkono wa shati, akaniketisha pembeni yake. Benchi gani sikuangalia. Kweli, nilisahau kuangalia.

Kinyozi akasimama. Kwa mguu mmoja! Mbele ya watu wote! Nikafumba macho nisubiri kishindo. Akaimba. Yesu wangu, aliimba! Noti ndefu ilipanda, ikapita kwenye mashimo ya paa, ikatoka nje. Sijawahi kuiimba hivyo hata siku zangu nzuri. Wivu ulinishika, kisha sijui uliniachia saa ngapi.

Maana pembeni yangu Mkunga alikuwa anaimba pia, taratibu, na katikati ya ubeti wa tatu akanyamaza. Nikamtazama. Midomo inatetemeka, maneno hayatoki. Mkunga! Aliyezalisha katikati ya mvua ya mawe! Nikajua anamwona nani.

Nikaupokea wimbo. Kwa sauti hii hii mbovu, ya kukwaruza, chini chini, yeye na mimi tu. Kanisa lilikuwa linamsikiliza kinyozi. Hakuna aliyegeuka. Nikaumaliza mpaka neno la mwisho.

Nikahisi mkono kwenye kisogo changu.

Sijui niandike nini zaidi. Nilikuwa na kaptula tena. Mama alikuwa yupo na dada alikuwa yupo. Niliona wazi kwamba sauti haijarudi na haitarudi, na sikuwa na haja ya kumwomba Mungu kitu chochote. Nimerudi nyumbani, nimemwomba mke wangu msamaha kwa ajili ya kinyozi. Akasema nikamwombe kinyozi. Nitakwenda.

Jumatatu, 22 Julai

Sijakwenda bado. Kumekuwa na shughuli kubwa.

Tumehamisha mabenchi. Kila benchi limebebwa juu chini, vichwani mwa watu, kuvuka barabara mchana kweupe. Na chini ya la kwanza, kuku! La pili, kuku! La nne, la saba, la kumi, kuku watupu! Banda zima! Watu wamesimama barabarani wanacheka. Mchungaji akauliza ni mchoraji gani wa kale. Mkunga akaniangalia, akatikisa kichwa polepole. Alisema kweli. Mama alikaa popote palipokuwa na nafasi, na mimi nilimfuata na msumari wangu.

Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Mimi nimetumia akili. Jana nilipoupokea ule wimbo, moyo ulitulia namna ambayo haujatulia mwaka mzima. Mahubiri ya jana ndiyo yale yale ya siku zote. Kinyozi hahusiki. Kwa hiyo ni benchi! Lile la jana ndilo la mama, na mimi mjinga sikulitazama!

Lakini nimekagua kuku wote, mmoja mmoja, kwa tochi. Wote hawana mkia isipokuwa mmoja. Mmoja tu ana mkia, tena wa manyoya matatu. Nani anamwekea kuku mkia asipokuwa amekaa mahali penye neema? Ni hilo. Lazima liwe hilo.

Nimekimbilia ukumbini na kisanduku changu nikaseme mguu wake umelegea.

Nimemkuta Mkunga amelikalia. Amesogea kidogo, akapigapiga nafasi iliyobaki pembeni yake.