Kompyuta Imelala, Feni Inakesha

Jumapili, 13 Juni 2004

Mama mkwe amefika. Basi la Lamadi, vumbi mpaka kwenye kope. Ametoka Nyashimo kwa ajili ya macho. Madaktari wa macho wako hospitalini kwetu Bariadi wiki hii tu, wanatoa mtoto wa jicho, Ijumaa wanafunga mizigo. Mama haoni tena. Anajua mchana na anajua kivuli, basi. Binti yetu Milembe ana miaka miwili na bibi yake hajawahi kumwona sura. Leo amempapasa pua, masikio, kidevu, kisha akamuuliza mke wangu Elina kama mtoto kachukua meno ya kwao au ya kwetu. Elina akageuka pembeni kufuta machozi.

Mimi nimemwamkia mama kutoka kwenye mpapai, ng'ambo ya uwanja, macho chini. Mwangaluka, mayu. Mkwe kwa sisi Wasukuma si mtu wa kusogelewa. Huli naye, humpiti karibu, hulali naye paa moja, na chumba anacholala hukanyagi. Kwa hiyo amepewa chumba chetu, yeye na Elina na mtoto. Mimi nimehamia kwa jirani Ngeleja, juu ya magunia ya mpunga.

Yote sawa. Tatizo ni moja. Kompyuta iko chumbani!

Haikuwa na pa kukaa pengine. Chumba cha mbele ndicho ofisi, LUHAGA KOMPYUTA SENTA, herufi nimechora mwenyewe. Lakini mlango unatazama barabara, na msimu huu malori ya pamba yanapita na vumbi lao kutwa nzima. Mashine nimeinunua kwa kiinua mgongo changu chote, siku ushirika uliponiambia karani hahitajiki tena kwa kuwa sasa pamba ananunua yeyote mwenye mizani. Siwezi kuilisha vumbi. Ikawekwa chumbani, karibu na dirisha.

Siku tano sitaigusa. Wateja nimewaambia iko kwenye kazi nzito ya siri.

Jumatatu, 14 Juni

Mama hakulala. Sababu ni feni.

Nieleze, ili siku nikifa watu wasome wanielewe. Kioo cha kompyuta yangu ni kikubwa, cha mtumba, kilikuwa kinachemka. Fundi wa Mwanza akakitoboa mgongo, akakifunga feni, na waya wake akauunga moja kwa moja kwenye umeme. Sasa kompyuta ukiiacha bila kuigusa inalala yenyewe. Kioo kinakuwa cheusi, taa inafifia, kila kitu kimepumzika. Feni haina habari! Inanguruma vilevile kama mashine ya kusaga ya Binza. Kuinyamazisha lazima uchomoe plagi ukutani.

Elina anasema mama alimuuliza kuna mnyama gani chumbani. Akajibiwa ni kompyuta, na imelala. Mama akauliza, kama imelala, anayekoroma ni nani. Elina alicheka akinisimulia. Sikuona cha kuchekesha.

Hospitalini wamempima presha. Iko juu. Daktari kasema jicho halipasuliwi na presha hiyo, arudi kesho akiwa amelala vizuri. Akamuuliza kama amelala. Mama akasema amelala vizuri sana, ahsante, mkwe wake amempa kitanda kizuri. Ni mtu wa heshima mno. Angekuwa mlalamishi ingekuwa rahisi kwetu sote.

Elina anataka kuchomoa. Nimemkataza. Nimemkumbusha habari za Bwana Masele.

Bwana Masele ni wakala wa kampuni ya pamba, ile yenye malori ya bluu. Anatafuta mtu wa kumchapia stakabadhi na mabango ya bei msimu mzima. Tuko wawili tu mjini: mimi na Fredrick wa karibu na stendi, mwenye kompyuta mpya isiyotoa hata mnong'ono. Jumamosi Bwana Masele alipita dirishani kwangu, akasimama, akauliza kinachonguruma ni nini. Nikasema ni mashine, inapiga hesabu. Akauliza, hata kama hakuna mtu ndani? Nikamjibu hasa kama hakuna mtu ndani. Akatikisa kichwa taratibu, akasema wiki hii atapita tena asikilize.

Sasa apite akute kimya? Adhani nimefunga biashara?

Jumanne, 15 Juni

Nimepata dawa. Pamba!

Tuko kwenye pamba mpaka magotini, halafu tunashindwa kuziba masikio ya mtu mmoja. Jana jioni nilichuma konzi nzima kwenye robota la Ngeleja, nikampa Elina ampelekee mama. Niliona fahari. Mke, mama, Bwana Masele, wote nimewaridhisha kwa kitu kisicho na gharama.

Mama akaitia masikioni, kwa kuwa imetoka kwa mkwe. Elina anasema afadhali alisinzia kidogo. Asubuhi wakaenda hospitali. Elina akamwacha kwenye benchi, akampeleka Milembe chooni. Nesi akatoka, akaita jina la mama. Akaita tena. Mama ametulia tu, anatabasamu, pamba yangu iko masikioni. Hakuna aliyemwambia aitoe, na mwenyewe asingeitoa bila ruhusa. Nafasi akapewa mzee kutoka Maswa.

Elina amenisimulia hayo kwa maneno machache. Ameweka ugali wangu juu ya kizingiti na kurudi ndani. Nilitaka kumweleza kuwa wazo lilikuwa zuri, aliyekosea ni nesi kwa kuita kwa sauti ndogo. Kusema kweli ugali niliuacha nusu.

Jumatano, 16 Juni

Umeme umekatika tangu jana magharibi. Mji mzima giza. Feni kimya.

Mama amelala mpaka jua limefika dirishani! Elina anasema alikoroma yeye mwenyewe, na Milembe alimpanda kifuani asiamke. Leo alikuwa mtu mwingine. Aliomba uji mara mbili. Alimwimbia mtoto nyimbo za kupalilia. Mimi nilikuwa kwenye mpapai nasikia. Nilifurahi, niandike hivyo. Nilifurahi kweli.

Presha imeshuka, ila haijafika pale daktari anapotaka. Kasema wamechelewa kuanza leo kwa sababu ya jenereta, na kesho pamejaa. Alale hivyo hivyo siku nyingine, Ijumaa asubuhi atakuwa wa kwanza kabisa kabla hawajaondoka.

Umeme bado haujarudi. Bwana Masele hajapita. Mungu anatenda.

Alhamisi, 17 Juni

Sijui nianzeje.

Umeme ulirudi saa sita mchana. Nikasubiri kusikia mngurumo. Hakuna. Elina alikuwa ameshachomoa plagi. Nikamwita uani, nikamwomba kwa upole. Akanijibu akiwa amesimama wima, ndoo mkononi.

"Baba Milembe, zimebaki saa chache tu mama yangu apate macho. Hicho kitu kikilia tena humu ndani, tusijuane."

Nikasema sawa. Na nilimaanisha, kwa kama nusu saa. Kisha akapita Ngeleja, akaniambia amemwona Bwana Masele sokoni, na kwamba jioni atazunguka mtaa wetu. Jioni hii hii! Nikahesabu akilini. Feni iwake jioni tu, Bwana Masele apite, asikie, aondoke, niizime, mama alale. Nani ataumia?

Elina akaenda kisimani na mtoto. Mama alikuwa uani nyuma, ameketi kwenye kigoda, miguu juani. Uwanja mtupu. Nikavua viatu, nikaingia chumba cha mkwe wangu.

Naandika tena ili niamini. Niliingia chumba anacholala mkwe wangu.

Nikatambaa chini ya meza, nikachomeka. Feni ikaamka. Moyo wangu ulifurahi, sitaficha. Nikawa napangusa magoti, nikasikia fimbo. Tok, tok, kwenye korido. Mama anakuja kuchukua kanga yake.

Mlango mmoja. Dirisha lina nondo. Nikajibana kwenye kabati, nikashika pumzi, nikijipa moyo kwamba haoni, na feni inafunika kila sauti. Lakini mimi napaka mafuta ya nywele, yale ya chupa ya kijani, yananukia mpaka sokoni. Mama akaingia hatua mbili, akasimama.

Hakupiga kelele wala kuniuliza kitu. Alipapasa kanga kitandani, akajifunika kichwa na uso wote, akageukia ukuta, akachuchumaa. Akangoja. Mama mzima, asiyeona, ameficha macho yake kwa heshima yangu.

Nikatoka kwa ncha za vidole. Nimekaa kwenye magunia ya Ngeleja tangu saa hiyo na aibu inanichoma. Bwana Masele hakupita. Na feni sijaizima, kwa kuwa sasa siwezi kuingia tena, na Elina siwezi kumwambia niliiwashaje.

Ataichomoa mwenyewe akirudi. Lazima ataichomoa.

Ijumaa, 18 Juni

Hakuichomoa.

Alirudi na maji, akasikia mngurumo, akaenda moja kwa moja kwenye plagi. Mama akamshika mkono. Elina amenisimulia leo, amesimama mlangoni kwa Ngeleja, sauti yake imeisha kabisa. Maneno ya mama yalikuwa haya:

"Mkwe wangu ameingia mwenyewe humu kukiwasha. Mtu hawezi kuvunja heshima kubwa namna hii kwa jambo dogo. Kiache, mwanangu. Tutavumilia."

Elina alibisha, akalia. Mama akakataa katakata. Akaketi karibu na plagi, akailinda mpaka asubuhi.

Presha ilikuwa juu kuliko ya Jumatatu. Daktari aliipima, akangoja, akaipima tena. Elina alimwomba mpaka akapiga magoti. Akasema hawezi, mama anaweza kumfia mezani. Nje walikuwa wanapakia masanduku kwenye gari. Labda mwakani, kasema.

Elina aliniuliza kitu kimoja tu, kama nilikuwa najua mama alitaka kumwona mtoto. Nikasema najua. Akaondoka.

Jumapili, 20 Juni

Wameondoka na basi la asubuhi. Mama, Elina, Milembe. Elina anasema anamsindikiza mama tu, ila nimeona amefunga na masufuria.

Mimi nilisimama mbali, ng'ambo ya barabara, macho chini. Mama aligeukia upande wangu. Sijui alijuaje nilipo, nadhani ni mafuta ya nywele. Alimtuma Elina aje aniambie ahsante kwa kumpokea, na Mungu aibariki ile kazi kubwa inayofanyika chumbani. Elina aliniletea ujumbe huo neno kwa neno, bila kuniangalia.

Nilitaka kuvuka barabara. Kuna malori mawili yalipita, ya bluu, na yalipokwisha basi lilikuwa limeshaondoka.

Jumamosi, 3 Julai

Habari za wiki hizi mbili.

Wazee wa Nyashimo wamenitoza mbuzi jike kwa kukanyaga chumba cha mkwe. Nimempeleka bila kubisha. Nilimchagua mwenyewe mnadani, mnene, mweupe mwenye baka. Waliompeleka wanasema mama alimpapasa mgongo na kusema ni mbuzi mzuri, nisihesabiwe tena kosa. Nilivyosikia hivyo niliingia ndani nikakaa peke yangu muda mrefu. Afadhali angenitukana.

Elina hajarudi. Ameleta salamu kwa dereva wa Lamadi: mama hawezi kwenda kisimani wala shambani peke yake, kwa hiyo yeye ndiye macho yake mpaka madaktari watakaporudi. Milembe hajambo. Anamwongoza bibi kwa kumvuta kidole.

Stakabadhi za malori ya bluu anachapa Fredrick. Nimemkuta Bwana Masele posta, nikamuuliza kwa adabu nilikosea wapi. Akasema hakuna kosa, ila yeye anaogopa vitu vinavyonguruma. Siku ile dirishani alidhani inataka kulipuka, ndiyo maana akatikisa kichwa, na tangu hapo akawa anapitia njia nyingine.

Kwa hiyo Alhamisi ile asingepita. Hata kidogo.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa uchungu, na nimeona lilipoharibika. Feni moja inanguruma kwa kuyumba. Hiyo ndiyo inayotisha wateja na kuwanyima wazee usingizi. Feni mbili zitasaidiana, sauti itanyooka, itakuwa ya kubembeleza. Fundi wa Mwanza amekubali, anakuja Jumatatu.

Jioni hii nimemwandikia Elina. Nimemweleza kuwa nimejuta, na ni kweli nimejuta, karatasi imelowa kwenye kona. Nimemwambia mwakani madaktari wakija, mama asisite kurudi. Chumba ni kilekile, kitanda ni kilekile. Na aibu ile haitatokea tena, ninaapa. Safari hii nitaingia kuziwasha zote mbili kabla mama hajafika.