Maana Saba za Soko la Mingoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru, Ndugu Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Soko la Kisasa la Njia Panda ya Mingoyo, ambaye, kwa unyenyekevu mkubwa, ni mimi pia, wajumbe wa kamati mlioketi kwenye viti vya kukodi, masheikh wetu na mapadre wetu, Ndugu Kamanda wa Mgambo na vijana wako, wazee wetu, shikamooni (Marahaba!), akina mama wa pweza, akina baba wa korosho, wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmeona turubai mkaja kwenye kivuli: asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za asubuhi hii, ingawa najua ni saa nane mchana. (Makofi, viti vya mbele.)

Ndugu wananchi, itakumbukwa kwamba mwezi Machi, katika zama hizi za soko huria ambapo serikali imejitoa kwenye biashara ili kila mtu ajifanyie mwenyewe, kamati yangu iliwaomba, kwa lugha ya upole na kwa msaada wa mgambo, mbomoe vibanda vyenu hapa njia panda na mhamie kule nyuma ya ghala, mita mia nne kutoka barabarani, ili kupisha ujenzi wa soko la kisasa. Mlibomoa. Zoezi lilifanikiwa kwa asilimia mia moja na mbili, kwa sababu kuna kibanda kimoja cha mtu wa Nyangamara ambacho hakikuwa kwenye mpango. (Kicheko. Sauti ya mwanamume: "Changu hicho!") Pokea pongezi, ndugu yangu. Na leo mmeruhusiwa kurudi hapa kwa muda wa saa mbili, kama wasikilizaji.

Sasa imejitokeza minong'ono. Kuna watu wanasema tangu Machi hadi leo hapa halijaonekana tofali. Wanasema abiria wa Mtwara na Masasi hawajui kama mko kule nyuma. (Mama Rosalia, mkaanga pweza, akiwa na beseni lake mapajani: "Basi linasimama dakika tano, Mheshimiwa! Nani atakimbia hadi ghalani kufuata pweza, arudi, alikute?") Mama Rosalia, swali lako ni la kitaalamu sana, na kwa sababu hiyo sitalijibu sasa.

Ndugu zangu, huwezi kujenga kitu usichokielewa. Andiko la mradi wetu ni la Kiingereza, na neno lake la kwanza ni "market". Kamati ikajiuliza: je, tunalielewa neno hili, au tumelizoea tu? Ikaundwa timu. Timu ikaenda Morogoro kwenye "workshop" ya wiki tatu, ikarudi, ikajitathmini, ikaona haijaelewa, ikaenda Arusha. Hiyo ndiyo inayoitwa "implementation", yaani utekelezaji. Na leo nasimama mbele yenu kwa fahari kuwakabidhi matokeo: neno hili lina maana saba! (Makofi. Sauti: "Na choo je?") Choo hakimo. Tuliangalia mara mbili.

Maana ya kwanza ni mahali watu wanapouziana vitu. Hiyo ndiyo mliyoizoea, na mtaalamu wetu anasema imepitwa na wakati. Ya pili ni uhitaji: mtu anaweza kusema korosho ina "market" India, wakati gunia lenyewe limelala nyumbani kwako. (Bakary, mbangua korosho: "Limelala kweli, mpaka linakoroma!") Umeona, Bakary umeelewa haraka kuliko wajumbe wangu wawili. Ya tatu ni wanunuzi, hata kama hawapo. Ya nne ni kile kitendo cha kuipigia debe bidhaa. Ya tano ni ule mfumo unaopanga bei bila kumuuliza mtu yeyote. Ya sita na ya saba zinafanana, na tumeomba fungu la nyongeza ili tukazitenganishe.

Isitoshe, neno hili lina ndugu zake, yaani visawe, na hivyo tumevigawa kwa haki, bila kuangalia dini wala kabila. Nyangamara wamepata "bazaar". Mitole wako Wilaya ya Kilwa, lakini waliomba kwa adabu, tukawapa "outlet". Ninyi wa Mingoyo mmebakishiwa "market" yenyewe, neno mama, na bado mnanuna! (Mama Rosalia anasimama: "Baba, mimi nina watoto wanne na mume kitandani. Kule ghalani nauza mikia miwili ya pweza kwa siku, iliyobaki tunakula wenyewe, mpaka watoto wanaikimbia. Niambie neno moja tu la Kiswahili: turudi hapa, ndiyo au hapana?")

Mama Rosalia, ndiyo na hapana ni maneno mawili. Suala la kurudi liko katika mchakato, na mchakato wenyewe uko katika hatua, na hatua hizo... (Honi. Basi la Mtwara linasimama njia panda.) Naomba utulivu. Akina mama, hotuba haijaisha. Bakary, kaa chini. Mama Rosalia, dirisha hilo si lako! (Abiria: "Mama, nipe wa pilipili! Huyu wa pembeni!" Mama Rosalia: "Chukua, baba, yupo na ndimu! Mlidhani tumekufa?") Ndugu Kamanda wa Mgambo, fanya kazi yako. (Kamanda: "Nakuja, Mheshimiwa, nimalizie kipande hiki.")

Basi naendelea na waliobaki. Soko la kisasa! Soko la kisasa, hoyee! (Utingo: "Mtwara, Mtwara! Leteni na huku nyuma, kuna watu wana njaa!") Maana saba, sauti moja! (Basi la Masasi linaingia. Mtu wa Nyangamara anachimbia nguzo ya kibanda chake.)

Kwa kumalizia, naishukuru kamati kwa safari zote mbili. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutaanza kuwatafuta mara tu andiko litakapopata neno la pili. Namshukuru mkandarasi, yeyote atakayekuwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru mzee mwenye kiwanja hiki, ambaye nimemjua leo, aliponiuliza nani ameniruhusu kusimika turubai kwake, na ambaye anasema akina mama hawa amewakaribisha hapa siku zote.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mama Rosalia, na mimi nifungie mkia mmoja, nina safari.

("Panga foleni, Mheshimiwa.")