Gurudumu la Toleo la Tatu

Mtu waliyemwita Profesa, ambaye shule aliionja tu kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani, alipita mbele ya gesti akaona kifaru. Si mnyama, kifaru cha vita, mzoga mtupu ambao mwenye gesti aliununua kwenye vyuma chakavu ili wageni wapige nao picha. Upande wa kushoto palikuwa na pengo: gurudumu moja halipo.

Profesa akatabasamu. Nyuma ya choo chake kulikuwa na gurudumu la buldoza.

Kesho yake akalipaka rangi ya kijani, akalifunga kwenye pikipiki ambayo mkewe husambazia mikate. "Narudi sasa hivi, mama watoto," alisema, akiwa ameshakunja kona.

"Mama," akamwanza mwenye gesti, kofia mkononi, "hii si spea ya kuokota. Kifaru hiki kina historia. Toleo la kwanza, injini ilichemka, askari wakakaangika humo ndani. La pili wakaongeza unene wa chuma, likazama kwenye tope."

"Likazama?"

"Mpaka shingoni, mama. La tatu ndipo wakabuni gurudumu hili. Yamebaki mawili duniani."

"La pili liko wapi?"

"Makumbusho. Wamekataa kuliuza."

Mama huyo, miwani yake imefungwa kwa uzi, akaguna. "Msomi wewe. Ila fedha sina, mwanangu. Nina jenereta pale stoo, siitumii. Tubadilishane?"

Profesa akajifanya anaumia. Alijifanya vizuri mpaka akajionea huruma. "Haya, kwa sababu ni wewe."

Jenereta ilikuwa nzito, pikipiki isingeibeba. Mama akamwazima mkokoteni. Pikipiki ikabaki kama dhamana. Profesa hakufungua hata kifuniko. Mtu anayemwibia mwenzake huona haya kukagua mali, ingeonekana hamwamini.

Akausukuma mkokoteni akipiga mbinja. Kwenye mteremko gurudumu la mkokoteni likakatika, jenereta ikabingirika, ikapasuka. Ndani: mchanga na mawe.

Akarudi mbio, jasho linamtiririka, maana mikate ya jioni ilikuwa inasubiri pikipiki.

"Mama! Jenereta haina injini!"

Mama akavua miwani, akaifuta taratibu.

"Haina, Profesa. Hiyo ni toleo la tatu. La kwanza, injini ilichemka. La pili wakaipunguza. La tatu wakaona heri waiondoe kabisa. Mkokoteni wangu uko wapi?"

"Umekatika gurudumu."

"Maskini! Basi tafuta spea, uutengeneze, ndipo uchukue pikipiki yako."

"Spea nitaitoa wapi saa hizi, mama yangu?"

"Hapo ndipo pagumu. Mimi ninalo moja la kijani, ila siliuzi. Yamebaki mawili duniani."

Utaniuliza nimeyajuaje yote haya, mpaka uzi wa miwani. Jioni ile nilifika nyumbani kwa miguu, rangi ya kijani kwenye kucha. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, vikapu vya mikate vimepangwa miguuni pake.

"Baba watoto, pikipiki iko wapi?"

Nikakohoa kisomi, nikaanza, "Unajua, mama watoto, pikipiki zina historia. Toleo la kwanza…"

Hakungoja la pili.