Aya Kumi kwa Watoto wa Miaka Mitatu

Jumatatu, 5 Oktoba
Siku sita tu kabla ya Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto kukariri Biblia kanisani! Mama Mchungaji, mkuu wa chekechea yetu, ametangaza: mwalimu ambaye watoto wake watakariri vizuri zaidi kanisani, mwakani atapewa darasa la miaka mitano na chumba kipya chenye feni. Feni! Mimi Fuatino, mwaka wa nne huu na watoto wa miaka mitatu. Joto, mchanga, kamasi. Darasa la miaka mitano analo Moelagi, na anadhani ni urithi wa baba yake.

Watoto wake wana aya nane. Wangu watakariri kumi.

Moelagi kanishauri kwa ile sauti yake ya asali. Eti watoto wa miaka mitatu hawakariri, dada, wanaiga. Eti niwape maji, vikombe, wimbo wa makofi; mistari miwili yatosha. Anaogopa huyo!

Jumanne, 6 Oktoba
Nimefungia vikombe na ndoo kabatini. Watoto wote safu kwenye mikeka. Aya ya kwanza, mara thelathini. Sose kalala. Iakopo kakojoa, kisha kauliza kama aya imeisha. Uvumilivu una mwisho jamani! Kama kila asubuhi, nimechukua kakao yangu, nikashika kiuno, nikafumba macho, nikasali kwa sauti: Ee Bwana, mnyamazishe Moelagi, hata kwa mafua.

Alhamisi, 8 Oktoba
Wameshika neno moja. "Bwana." Nimewaahidi aiskrimu. Sasa wanasema "Bwana aiskrimu."

Mapumziko, nimewaona dirishani wakicheza mwalimu. Talalelei kashika kiuno, kopo mkononi, wenzake safu mbele yake. Nidhamu hiyo! Sikwenda kuwasikiliza. Nani ana muda?

Jumapili, 11 Oktoba
Sitaki kuandika. Naandika.

Kanisa limejaa, nguo nyeupe tupu. Watoto wa Moelagi wakamaliza aya nane bila kigugumizi. Bibi wa benchi la mbele akalia. Zamu yetu. Iakopo kidole puani. Nikamnong'oneza Talalelei aanze tu na "Bwana."

Akakumbuka! Akashika kiuno, akafumba macho, akapaza sauti: "Ee Bwana, mnyamazishe Moelagi, hata kwa mafua!" Na wenzake kumi na mmoja, kwa pamoja, maneno yametamkwa vizuri kuliko yote niliyowahi kuwafundisha: "Amina! Kakao yangu iko wapi?"

Mchungaji alijifuta machozi kwa kucheka. Moelagi naye alicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kwenye chakula watoto hula kwanza, sisi wakubwa tunawapakulia, na Iakopo akanidai aiskrimu mbele ya kijiji kizima. Mama Mchungaji akanivuta kando. Akasema mwanangu, watoto wako wana kumbukumbu ajabu, wamekariri ulichowafundisha. Kwa hiyo mwakani mimi napewa watoto wa miaka miwili. Chumba cha karibu na choo.

Jumanne, 13 Oktoba
Nimewaza, nimeligundua kosa. Umri! Wa miaka mitatu wana midomo. Wa miaka miwili hawajui kusema, siri zangu salama.

Leo nimepita chumbani kwao kujitambulisha. Nimewapanga safu, nikawaeleza mpango wangu wa kumng'oa Moelagi, kwa sauti, taratibu, mara thelathini. Wamenikodolea macho, hakuna hata aliyelala. Wasikivu mno hawa.

Mmoja tu ameanza kushika kiuno.