Jeli ya Fedha kwa Viwiko vya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimeosha vyombo vya maabara kutwa. Lakini macho hayakuwa kwenye sabuni! Daktari, bosi wangu, alimimina maji ya majani ya mpera kwenye maji ya chumvi ya fedha. Rangi ikageuka, kutoka chai nyepesi hadi kahawa nzito. Akasema hizo ni chembe za fedha, ndogo mno. Zikitiwa kwenye jeli, huenda zikatuliza ngozi iliyovimba. Huenda, alisisitiza. Mimi nilisikia “zinatuliza”.

Mama mkwe viwiko vimemwiva, vinamwasha mwezi wa pili huu. Hapo ndipo nyota yangu itang'aa ukweni!

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia mke wangu natengeneza dawa ya fedha. Akafurahi sana. Nikafafanua: fedha ya madini. Furaha ikayeyuka. Nimechemsha majani ya mpera pamoja na hereni yake moja ya fedha, saa mbili nzima. Nimepata supu ya majani na hereni safi ajabu.

Jumatano, 5 Machi
Kosa nimelijua: inatakiwa chumvi ya fedha. Ilibaki kidogo kwenye chupa niliyopewa nioshe. Kuchukua masalia si wizi, ni usafi wa kina. Jeli? Ya nywele, ya mke wangu. Mchanganyiko umetoka rangi ya kahawa. Nusura nilie kwa furaha!

Lazima niwahi. Mwanyumba, mume wa dada yake mke wangu, ana duka la dawa. Namwita Bwana Dawa. Ukweni akipiga chafya tu, anasifiwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda ukweni kwa miguu, jua kali, kopo la jeli likivuja. Kufika, vidole vyeusi tii! Na pua, niliyoikuna njiani. Bwana Dawa alikuwepo, bila shaka. Mama mkwe akauliza kama gari limeniharibikia. Sina gari. Nikaeleza habari ya jeli. Akaitazama, akaitazama na pua yangu.

“Baba, hiyo endelea kujipaka wewe.”

Bwana Dawa akakohoa ili asicheke. Hakufaulu. Akashauri kliniki ya ngozi. Mama akakubali papo hapo.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari ameona mikono, hakuhitaji kuuliza. Kumbe chumvi isiyogeuka chembe huunguza ngozi na kuitia weusi. Kumbe yeye hupima chembe, huzisafisha, huzijaribu miezi na miezi kabla ya kumgusa mtu.

“Ungempaka mama wa watu kwenye ngozi iliyochubuka?” akauliza taratibu.

Heri angefoka. Nimepewa onyo la maandishi, na glavu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempeleka mama mkwe kliniki mwenyewe. Kumbe mchokozi ni sabuni mpya ya kufulia! Amepewa marhamu. Wakati wa kurudi akanishika mkono mweusi mbele za watu, akasema hajapata kuona mkwe wa kujichafua hivi kwa ajili yake. Sijui kama ni sifa. Naiandika kama sifa.

Jumapili, 9 Machi
Nimeapa: dawa za ngozi, basi tena! Nimesugua vidole kwa ndimu, kwa majivu, kwa brashi ya viatu. Rangi haitoki. Haitoki kabisa!

Nikakaa. Nikawaza.

Baba mkwe ana mvi kichwa kizima, na wiki ijayo anapigwa picha ya kustaafu. Kopo lina nusu. Na nywele si ngozi.