Juisi Zilizothibitishwa kwa Macho

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kuanzia sokoni hadi kanisani, kwamba juisi zote za pakiti katika kata ile ya Ngara zimethibitishwa kuwa salama. Aliyezithibitisha ni Bwana Gozbert, Msimamizi Mkuu wa Usalama wa Vinywaji. Maabara ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa mbovu, kwa hiyo alizipima kwa kuzitazama: maembe yaliyochorwa kwenye pakiti yalikuwa yameiva vizuri, na hakuna hata moja lililokuwa na funza.

Eustakia, mkulima wa migomba, alikuwa amenunua katoni kwa ajili ya kipaimara cha binti yake. Siku ya kuamkia sherehe akaja ofisini na katoni kichwani. Pakiti zilikuwa zimevimba kama matumbo ya mbuzi waliovimbiwa, na moja ilikuwa imempasukia njiani. Akaomba watu waonywe, maana nyumba nyingi zilikuwa na watoto wa kipaimara, na juisi ni hiyohiyo.

Gozbert alimwonea huruma. Akamweleza kwa upole kwamba kuvimba ni ukarimu wa kiwanda, mnunuzi anaongezewa ujazo. Kuhusu vijidudu, alisema, nao walilisikia tangazo.

"Basi kunywa wewe kwanza, baba," Eustakia alisema.

Gozbert hakuwa amegusa hata rubisi, pombe ya ndizi, tangu aoe. Pakiti ya kwanza aliinywa kwa heshima ya cheo. Ilikuwa na uchachu, lakini ilishuka. Ya pili aliinywa kwa ajili ya uhakiki. Ya tatu hakuitolea sababu.

Mkuu wake kutoka wilayani, Bi Scholastika, alipofika kumpongeza kwa tangazo, alimkuta akiliamkia kabati la mafaili shikamoo na kusikitika kwamba haliitikii. Akauliza amekunywa nini. Juisi, Gozbert akajibu.

Bi Scholastika akatafakari kiserikali. Juisi iliyothibitishwa hailevyi. Kwa hiyo Gozbert amekunywa pombe saa za kazi, na kazi hana tena.

"Labda," akaongeza, "iwe juisi ndiyo imeharibika."

Gozbert aliliwaza hilo kwa muda mrefu, huku chumba kikimzunguka. Kisha akatoka hadi gulioni, Eustakia amemshika mkono, akapanda juu ya benchi la muuza mitumba.

"Ndugu wananchi," akasema, "ile juisi imeharibika. Msiwape watoto. Nimelewa kwa niaba yenu."